Hazina Aitwa Kuhojiwa

Kijiwe chetu kiko nje ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hapa Rochdale, kwenye benchi ambalo manispaa iliweka kwa ajili ya wanaosubiri basi, halafu ikahamisha basi. Sisi hatukuhama. Chai tunaipata kwa Glenys, kwenye dirisha la duka la pai, mlango wa pili. Jumanne ile ya Oktoba kulikuwa na manyunyu, lakini manyunyu hapa hayamkimbizi mtu. Tulikuwa wanne. Kulikuwa na Jaji, aliyewahi kuitwa mahakamani siku tatu na raia wenzake kumi na mmoja kuamua kesi ya wizi wa baiskeli, na hajapona mpaka leo. Njiwa, mfugaji wa njiwa wa mashindano. Mimi, dereva wa basi mstaafu, wananiita Breki. Na Hazina, jina lake Graham Ogden, fundi paa aliyeanguka kutoka juu ya kanisa miaka kumi na miwili iliyopita akavunja nyonga. Anatembea na mkongojo na anaishi kwa posho ya ulemavu. Siku hiyo alikuwa ameshika barua, na chai yake hajaigusa.

JAJI: Hebu soma tena. Polepole. Barua za serikali zina mitego.

HAZINA: Wanasema huenda nimelipwa kupita ninavyostahili, pauni mia nne na kumi na mbili. Niende Alhamisi saa nne kwenye mahojiano ya uhakiki. Nibebe taarifa za benki za miaka mitatu.

NJIWA: Umechomwa hiyo. Kuna mtu kakuchoma kwa serikali.

HAZINA: Anichome kwa lipi? Sina hata televisheni ya maana.

JAJI: Siku hizi hachomwi mtu, wanaona wenyewe. Ile kamera ya kwenye taa za barabarani unadhani inatazama magari? Mwezi uliopita ulibeba pipa la taka. Nilikuona mimi.

HAZINA: Lilikuwa tupu. Na nililivuta, sikulibeba.

JAJI: Kwenye faili hakuna pipa tupu, mzee.

NJIWA: Kamera ni mambo ya zamani. Siku hizi ni njiwa. Wale wa pale sokoni umewatazama miguu? Wana pete. Njiwa wa mtaani, asiye na mwenyewe, pete ya nini? Mna kidude ndani. Anatua dirishani kwako, anahesabu umepanda ngazi mara ngapi.

Nikamuuliza hizo hesabu anazisoma nani.

NJIWA: Wasomaji wapo. Unadhani kodi yako inakwenda wapi?

Glenys akatoa kichwa dirishani. Shemeji yake alihojiwa mwaka juzi, kwa hiyo kwenye jambo hili yeye ndiye profesa.

GLENYS: Mnapoteza muda na njiwa. Mahojiano yanaanzia kwenye maegesho. Wako ghorofani na darubini. Shemeji alifunga mlango wa teksi kwa mguu, kwisha habari yake.

JAJI: Halafu wanaangusha kalamu. Ukiinama kuiokota, wanaandika umepona.

HAZINA: Mimi kuinama siwezi, Jaji. Unajua.

JAJI: Vizuri, ila usikae tu. Itazame kwa huzuni. Mahakamani huzuni inasaidia sana.

GLENYS: Na biskuti watakazokupa usiguse. Ukifungua ile karatasi tu, wanaandika vidole vizima.

NJIWA: Nenda na kile kiti cha magurudumu cha kanisani. Nitakusukuma mwenyewe.

HAZINA: Kanisa lile lile lililoniangusha?

NJIWA: Ndiyo. Unalidai radhi.

JAJI: Tena usinyoe. Usioge. Na ukiulizwa jina, fikiri kidogo kwanza.

Hazina akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Halafu akaikunja barua mara nne, akaitia mfukoni, akasema kwa sauti ndogo.

HAZINA: Jamani, mguu hawajauliza. Wanauliza akiba. Posho yangu ni ya mtu asiye na kitu. Ukiwa na zaidi ya elfu sita benki, wanaanza kukata posho. Kwangu wameona elfu tisa na mia mbili, wanataka kujua zimetoka wapi.

Sote tulijua zimetoka wapi. Mia nne ndizo zake. Zilizobaki ni zetu. Sisi watu ishirini na wawili wa mtaa huu tuna kibubu cha Krismasi: kila Ijumaa pauni kumi kumi, mwanzo wa Desemba tunagawana, mtu ananunua bata mzinga na zawadi za wajukuu. Tulipoanzisha, benki ilitaka majina na sahihi za viongozi watatu kufungua akaunti ya chama. Kikao kizima kikageuka bubu. Ndipo Graham akasema basi, wekeni kwangu. Tukampigia makofi, tukampa na jina la Hazina.

Wakati huo mlango wa duka la kufulia ukafunguliwa. Akatoka Halina, aliyehamia ghorofa ya juu juma lililopita, na blanketi lake bichi mikononi. Dirisha la kule ndani halifungiki, kwa hiyo alikuwa amesikia yote.

HALINA: Samahani, mimi mgeni. Hizo pesa ni zenu?

JAJI: Kisheria au kwa maana ya kawaida?

HALINA: Kwa maana ya kawaida.

JAJI: Kwa maana ya kawaida, ndiyo.

HALINA: Basi mbona rahisi? Andikeni karatasi. Kila mtu jina lake, kiasi chake, na sahihi. Bwana Graham aende nayo Alhamisi. Nani anaanza?

Nikatoa kalamu, sijui kwa nini, halafu nikaishika tu. Jaji akakumbuka kwamba mkewe hajui habari za kibubu, na kwamba sehemu yake ya kila Desemba huishia kwenye mbio za farasi. Njiwa huuza makinda kwa pesa taslimu, na watu wa kodi hawajawahi kuyasikia makinda hayo. Glenys akarudisha kichwa ndani, tukasikia anapangua trei za pai zilizokuwa zimepangwa tayari. Na mimi ninapunguziwa kodi ya nyumba kwa sababu niliandika kwenye fomu kwamba sina akiba yoyote.

HALINA: Hata mmoja?

Hazina akamwangalia Halina, akamtabasamia kwa upole.

HAZINA: Usiwasumbue, mama. Wana mambo yao hawa. Nitasema ni zangu.

HALINA: Lakini ukisema ni zako, si ndiyo watakukata?

HAZINA: Watanikata. Watachukua kidogo kidogo kila juma mpaka liishe lile deni la mia nne na kumi na mbili. Na kuanzia sasa posho yenyewe itapungua. Nimeshapiga hesabu, nitazima joto la chumbani.

Akajiinua kwa mkongojo. Humchukua muda kusimama, na sote tulikaa tukimtazama anavyohangaika na ile nyonga, hakuna aliyempa mkono. Niliona aibu, nasema wazi. Nikawa najiambia Breki, sema kitu, andika jina lako tu, mambo ya kodi ya nyumba utayajua mbele.

Njiwa ndiye aliyesema.

NJIWA: Graham.

HAZINA: Naam.

NJIWA: Ukishawaambia ni zako, sisi Desemba tutapata?

Halina akamtazama Njiwa kana kwamba amemwona sasa hivi. Na sisi wengine, Mungu atusamehe, tuliinua vichwa kusubiri jibu, na cha kwanza kuinuka kilikuwa changu.