Anjera ya Kunasa Jua

Boti ya kwenda kijiji cha Ozi ilikuwa bado haijafika katikati ya mto, na Haroun, kijana wa chuo kikuu aliyekumbatia paneli ya sola kubwa kama mlango, alikuwa keshaanza kutufundisha sote. Hiyo, alisema, ni perovskaiti: dawa inamwagwa juu ya kioo, inakauka, inabaki utando mwembamba kuliko unywele.

"Basi hiyo ni anjera," akasema Faduma, anayepika anjera, ile mikate myembamba ya Kisomali ya kumimina, stendi ya Garsen na ambaye binti yake ameolewa Ozi.

 Haroun akakiri kwamba ile ya ukubwa wa ukucha, kule maabara, inazishinda sola za dukani kwa kutoa umeme. Ila ukiitandaza kubwa, huku hukauka mapema, kule huchelewa, na utando hutoboka.

"Hata yangu ya kwanza inatoboka. Lakini hiyo mimi nakula mwenyewe, simpi mteja."

Nilikohoa kuficha kicheko.

"Mama, hii imekamilika. Itaendesha friji ya chanjo ya dispensari ya Ozi miaka ishirini."

"Mjukuu wangu anachanjwa hapo," akasema Faduma, mzaha umemtoka, akivuta nailoni juu ya gunia lake la unga. "Ikipata maji je?"

"Unyevu ndio adui yake. Lakini tumeiziba kingo zote."

Naijua Ozi, mto hupanda hadi vitandani bila kubisha hodi.

Boti ikagusa ukingo, manyunyu yakaanza. Haroun akavua shati akaifunika paneli. Shati likaishia katikati.

"Mama," akasema, "niazime hiyo nailoni uliyofunikia unga."