Bi Mvuke, Aliyemfundisha Binti Yangu Kuloweka Maswali

Bi Mvuke, msimamizi wa chumba cha kufulia cha hoteli yetu, anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Aliingia akiwa msichana wa kukamua mashuka kwa mikono, enzi ambazo hoteli ilikuwa na ghorofa mbili na mashine moja inayofanya kazi ikitaka yenyewe. Anaondoka akiacha mashine nyingi, ghorofa nyingi zaidi, na kundi zima la watu wanaoweza kukunja shuka la kitanda kikubwa bila pembe hata moja kugusa sakafu.

Kamati ya sherehe ilitafuta mtu wa kuandika wasifu huu. Wapiga pasi walisema mikono imechoka. Wasukuma mikokoteni walisema hata barua za uchumba waliandikiwa. Basi kazi ikaniangukia mimi, mpakiaji wa mashine, niliyeishia darasa la sita. Atakayekuta kosa la uandishi anisamehe. Atakayekuta sifa ajue ni za kweli, maana mimi sina ufundi wa kupamba.

Jina la Bi Mvuke alilipata zamani, siku bomba la mashine ya pasi lilipoachia na chumba chote kikawa cheupe. Watu walikimbilia mlangoni. Yeye alitokea katikati ya ule mvuke kama mtu anayeshuka mawinguni, akauliza nani ameacha foronya safi sakafuni. Tangu hapo hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake.

Tusidanganyane kwa kuwa leo ni sherehe: Bi Mvuke ni mkali. Chai yake ni ya kunywewa kwa heshima tu. Huimba akiwa kazini, na wimbo ukishaingia mdomoni mwake hata mtunzi wake hautambui. Lakini ukiugua, yeye ndiye wa kwanza kugonga mlango wako. Na ukimtazama akishika nguo ya mgeni, utadhani ameshika mkono wa mwenyewe. Bibi harusi mmoja alimwagikiwa na mchuzi kifuani saa ya kwenda kufunga ndoa. Jamaa zake walishaanza kulia. Bi Mvuke aliwatoa wote nje, akabaki na gauni lake na bakuli la maji, na bibi harusi akaondoka mweupe pe. Shemeji yake ndiye aliyelia hadi jioni, sijui kwa nini.

Mengi yamesemwa kuhusu kazi yake na wengine watayasema leo ukumbini. Mimi nitaeleza moja ambalo lilitokea mwaka huu, tena mbele ya macho yetu sote, kwa sababu linamweleza mtu huyu kuliko cheti chochote.

Nina binti. Mama yake yuko nyumbani, mbali, anamuuguza mama yangu, na binti nilimleta huku ninakofanya kazi ili amalize shule ya msingi. Tunaishi chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala, na mchana kutwa ni msumeno na nyundo. Kwetu sekondari ya karibu ni mwendo wa kumchosha punda. Hapa mjini zilizopo zimejaa. Tumaini letu lilikuwa moja: ile shule ya wasichana ya bweni, inayochukua wachache kwa mtihani na kuwasomesha bila ada. Akiipata, atasoma. Akiikosa, atarudi nyumbani kubeba maji na kuwalea wadogo zake, kama nilivyorudi mimi nikiwa na umri wake.

Akili anazo. Shida yake ni ubishi. Akikutana na swali gumu hasogei. Anakaa nalo kama mtu anayegombania kiti. Katika mtihani wa kwanza wa majaribio alibanana na swali la tangi linalojazwa na mabomba mawili mpaka kengele ikalia, na kurasa mbili za mwisho zikabaki kama zilivyotoka kiwandani. Mwalimu wake akaniita, akaniambia, "Mzee, mtoto anajua. Ila hamalizi."

Nililisema hilo kazini wakati wa chai, basi tu, kupunguza uzito moyoni. Bi Mvuke akaweka kikombe chini. "Anatoka shule saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na anasomea wapi?"

Nikamweleza habari ya msumeno na nyundo.

"Kesho mlete hapa. Kelele za huku angalau ni za aina moja."

Binti akapewa ncha ya meza ya kukunjia, upande wa dirishani. Siku ya kwanza Bi Mvuke hakumgusia kitabu. Alimpa beseni la vitambaa vya mezani, akamwambia afue vyote kabla sisi hatujamaliza mzigo wa mashuka. Vyote vilikuwa na vumbi tu, isipokuwa kimoja chenye doa la manjano la mchuzi. Binti, kama kawaida yake, akaangukia kile chenye doa. Akasugua, akasugua, jasho likamtoka puani. Sisi tulipomaliza mashuka, vile vingine vilikuwa bado vikavu.

Bi Mvuke akacheka mpaka akajishika kiuno. "Mwanangu, doa unalipiga ngumi? Doa hulowekwa. Liweke kwenye maji yake, uende ukafue vingine. Ukirudi utalikuta limelegea lenyewe. Na swali ni hivyo hivyo. Likikushinda, loweka, nenda mbele."

Binti akang'aa uso. Na mimi nikaona sasa tumepona.

Hatukupona. Mtihani wa pili wa majaribio matokeo yalikuwa mabaya kuliko ya kwanza. Mtoto alikuwa ameloweka karibu karatasi nzima. Kila swali alilolitilia shaka kidogo tu, hata la kujumlisha, alilipita akisema atalirudia, na aliporudi akakuta rundo lisilo na mwanzo wala mwisho. Alikuja siku hiyo amevimba macho. Mpiga pasi mmoja akaninong'oneza kwamba mtihani si nguo, na kwamba labda tumpeleke kwa mwalimu wa kweli.

Bi Mvuke alisikia, maana husikia kila kitu isipokuwa nyimbo zake mwenyewe. Hakukasirika. Alimketisha binti kwenye furushi la taulo. "Kosa ni langu. Nilikufundisha kuloweka, sikukufundisha kuchambua. Unajua dobi anayeloweka kila kitu anaitwaje?"

"Anaitwaje?"

"Mvivu mwenye mabeseni mengi."

Binti akacheka huku machozi yakiwa bado yananing'inia. Wakaanza upya. Bi Mvuke akamsimamisha kwenye meza ya kuchambulia, pale sisi tunapotenga nguo kabla ya kuziingiza mashineni. Kanuni yetu pale kila mtu anaijua: nguo unaitazama mara moja. Ikiwa safi, inapita. Ukiona doa, unalisugua kidogo kwa kidole chenye sabuni. Likitoka, inapita. Likigoma, ndipo linakwenda majini. "Sugua kwanza," Bi Mvuke alimwambia. "Usiogope doa kabla hujaligusa."

Kuanzia hapo chumba cha kufulia kikageuka darasa. Mashine zinanguruma, kwa hiyo maswali yalisomwa kwa kupiga kelele. Msukuma mkokoteni mmoja, mwenye sauti ya mpiga mnada, ndiye aliyekuwa msomaji wetu. Anapita na mkokoteni wake, anatupa swali, anaendelea na safari. Akirudi na mzigo mwingine anadai jibu. Binti anajibu kwa kelele, au anapaza sauti, "Nasugua!" Akishindwa anasema, "Loweka!" na chumba kizima kinaitikia, "Loweka!"

Siku moja yule msukuma mkokoteni alisimama katikati ya chumba akanguruma kwamba mabomba mawili yanamwaga maji kwenye tangi na tangi linajaa. Meneja alikuwa akipita kwenye korido. Baada ya muda mfupi aliingia mbio, suruali ameikunja hadi magotini, nyuma yake fundi bomba na spana, nyuma ya fundi mlinzi na ndoo.

"Linavuja wapi?" meneja akauliza.

Wote tulikuwa tumegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Bi Mvuke peke yake ndiye aliyemtazama usoni. "Halivuji, bosi. Linajaa. Ila hatujui litajaa baada ya dakika ngapi."

Tulidhani kazi yetu imeisha siku hiyo. Mtoto wa shule ndani ya chumba cha kazi, kinyume cha taratibu, na meneja amekunja suruali mbele ya mlinzi! Meneja akachukua kitabu cha maswali, akasoma swali, akavuta kigoda. Akamwelekeza binti taratibu, hatua kwa hatua, vizuri kuliko sisi sote, na fundi bomba akaongeza maneno mawili kuhusu mabomba ya kweli ambayo hayakuhitajika. Aliposimama akakunjua suruali, akamwambia Bi Mvuke, "Mama, huyu mtoto simwoni. Umenielewa? Simwoni." Na kila Alhamisi baada ya hapo akaja kumfundisha mtoto asiyemwona.

Siku ya mtihani wenyewe Bi Mvuke alinitoa kazini ili nimpeleke binti, akapakia mashine yangu yeye mwenyewe, na mgongo wake ule unaouma. Nilimsubiri binti nje ya uzio pamoja na wazazi wengine. Wapo waliokuwa wanasali, wapo waliokuwa wanatembea tu kwenda na kurudi. Mimi nilikuwa natafuna kifuniko cha kalamu ambayo sijui ilikuwa ya nani. Binti akatoka akiwa wa kati, si wa kwanza wala wa mwisho.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, baba. Niliyoloweka ni matatu tu. Mawili yakatoka."

"Na la tatu?"

"Limegoma. Nikaliacha na doa lake."

Nilipompelekea Bi Mvuke maneno hayo alitikisa kichwa kukubali, akasema sasa huyo ni dobi.

Kungoja matokeo kulikuwa kazi nzito kuliko mashuka yaliyolowa. Bi Mvuke akawa anaimba maradufu, tukajua ana wasiwasi. Halafu mchana mmoja binti akatokea mlangoni na sare yake, kiatu kimoja mkononi, anasema jambo. Mashine zote zinanguruma, tunaona mdomo tu. Bi Mvuke akaenda ukutani akazima umeme wa chumba kizima, mzigo ukiwa ndani, kitu ambacho hakukifanya hata mkurugenzi alipokuja kutuhutubia. Kukawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia humo ndani.

"Nimechaguliwa," binti akasema, taratibu, kama anaogopa kuliamsha neno lenyewe.

Sitaeleza yaliyofuata. Itoshe kusema kuna mashuka yaliyorudiwa kufuliwa, na kwamba mpiga pasi aliyesema mtihani si nguo ndiye aliyembeba binti mabegani kuzunguka meza.

Sasa shule inafungua Jumatatu, na kila mtoto anatakiwa kufikishwa na mzazi au ndugu. Niliomba ruhusa. Meneja, na moyo wake mzuri, akakuna kichwa. Msimamizi anaondoka Ijumaa. Mpakiaji naye akiondoka Jumapili, mashine ataendesha nani? Ni kweli. Nikarudi kwenye mzigo wangu.

Bi Mvuke akanifuata. "Kumbe kustaafu kwangu ndiko kunakomkosesha mtoto mtu wa kumpeleka?"

"Hapana, Bi Mvuke, usiseme hivyo."

"Nasema. Basi nitampeleka mimi. Jumatatu sina zamu."

Alilitamka hilo, akasimama akilisikiliza, kisha akalirudia polepole kama mtu anayeonja kitu kipya. Jumatatu sina zamu.

Tiketi zimekwisha katwa. Kwa hiyo ndugu zangu, wenye hotuba ndefu leo wazifupishe. Mwenzetu ana safari ya kujiandaa.

Bi Mvuke, chumba kizima kinakushukuru, kwa ukali wako na kwa chai yako pia. Tunakuombea afya, mgongo usiouma, na asubuhi nyingi za kuamka utakapo. Jumatatu mkifika getini watakuuliza wewe ni nani wa mtoto. Waambie ni bibi yake. Mama yake na bibi yake mzaa baba wameshakubali kwa simu, na sisi huku tumeitikia.