Waya wa Chini ya Kiti

Funga mlango huo, Loren, baridi inaingia, kisha vuta kiti uketi upande huu ambako dada yako atakuona, maana nina maneno ya kuwaambia wote wawili na pumzi niliyobaki nayo haitoshi kusema mara mbili. Marlys, usiniambie nipumzike. Nitapumzika sana, na nesi Jolene ameshaniambia bila kunificha kwamba huenda Jumapili isinikute. Sikilizeni basi, wanangu, na mtu asinikatize.

Mambo ya mali ni mafupi. Nyumba hii ni ya Marlys, aliyekaa humu akatuuguza mama yenu nami. Msitu wa juu na shamba la mahindi ni vya Loren, alime au akodishe, shauri yake. Sahani za Kinorwe za bibi yenu mgawane bila kununiana. Lililobaki ni ile trekta ndogo ya bustani iliyoko gereji, na kwa ajili yake ndiyo nimemtuma Jolene akupigie simu kule Duluth, Loren, kwa kuwa dada yako asingekupigia hata kama nyumba inaungua.

Ndiyo hiyo iliyomuua mdogo wenu Curtis. Alikuwa anakata nyasi kwenye mteremko wa juu ya kijito, gurudumu likateleza, akarushwa, na mashine ikaendelea kunguruma mpaka ikampanda. Ilitakiwa izime. Chini ya kiti kuna swichi ndogo, mtu akinyanyuka tu injini inakatika, na kila mwanamume wa bonde hili ameiharibu ya kwake kwa kuunganisha nyaya zake mbili, maana nani anataka kuwasha upya kila anaposhuka kuokota tawi? Selmer, jirani yetu, aliiunganisha yake siku ileile alipoileta nyumbani, akajisifu wakati wa kahawa kanisani. Kwa hiyo iliposikika kwamba hata yetu ilikuwa imeunganishwa, hakuna aliyeshangaa. Watu waliuliza tu ni nani, na kwa kuwa Loren ndiye aliyebadilisha kiti mwaka ule theluji ilipoyeyuka, jibu halikuchelewa.

Mnakumbuka ukumbi wa chini kanisani, baada ya maziko, bakuli za viazi na nyama zimepangwa mezani. Loren, ulisema, "Jamani, mimi sikugusa waya wowote." Nawe Marlys ukamjibu mbele ya watu, sahani iko mkononi, "Umemuua mdogo wangu, halafu unaleta uongo huku unakula chakula cha matanga yake!" Kaka yako aliweka uma chini akatoka, na toka siku ile hamjakaa meza moja. Hata tulipomzika mama yenu vuli hii iliyopita, alisimama nyuma kabisa, akaondoka kabla kahawa haijamiminwa.

Mama yenu Idella hakutaka trekta iuzwe wala iguswe. Ikakaa bandani chini ya turubai, panya wakazaa ndani ya boneti. Alipofariki, niliivuta mpaka gereji niivunje vipande niwape watu wa vyuma chakavu. Msidhani nilikuwa na nia ya kuitengeneza. Nilitoa plagi, nikamimina mafuta kwenye silinda nikayaacha yalainishe kutu, na nilipojaribu kuzungusha injini kwa mkono, pistoni ikasogea. Ilisogea kwa ulaini, mwanangu yuko chini ya udongo, na nikaichukia kuliko nilivyowahi kuchukia kitu chochote duniani. Lakini mikono haikuacha. Nikaosha kabureta, nikasugua kutu kwa msasa, nikaivisha mikanda mipya. Selmer akachungulia, akasema, "Verlyn, unamfufua nani humo ndani?" Nikamwambia, "Namfufua mkeo wa kwanza, hebu nenda kakamue ng'ombe." Alicheka peke yake.

Nipe maji kidogo. Hapo, basi.

Kiti nilikiacha mwisho, kwa sababu nilikiogopa. Loren, kufunga waya nilikufundisha mimi. Wewe unasokota kuelekea kulia, unachomea kwa risasi ya kulehemu, unazungushia utepe mweusi wa plastiki, kazi safi ambayo hata kipofu angeitambua kwa vidole. Waya niliokuta chini ya kiti kile ulisokotwa kushoto, hovyohovyo, ukafungwa utepe mweupe wa kitambaa, ule wanaofungia fimbo za hoki ya barafu. Nani humu ndani alikuwa mtu wa mashoto? Nani alifunga utepe ule mpaka kwenye viatu na miwani yake? Marlys, wewe ndiye uliyemnunulia kila Krismasi.

Ndiyo, Marlys. Ni yeye mwenyewe. Curtis aliunganisha swichi kwa mkono wake, kama wanaume wote wa hapa, ili asisumbuke kuwasha.

Kopo la kahawa liko hapo dirishani. Lifungue. Usinitazame mimi, ushike huo waya.

Lia, lakini ulie ukimtazama kaka yako. Sisemi haya ili nife kwa raha, raha iliisha siku ile kijitoni. Miaka ile hairudi, na watoto wa Loren wamekua hawamjui shangazi yao. Nasema kwa sababu ni haki yake, na asiyemrudishia leo hatapata siku nyingine. Na wewe, Loren, usije ukainuka ukaenda zako na haki yako mfukoni. Ulisema kweli. Sasa kaa.

Imebaki kazi moja. Swichi mpya iko juu ya benchi, mikono yangu imeshindwa nayo. Ifungeni nyinyi, Loren ashike koleo, Marlys amulike. Madigadi ya kushoto msiipake rangi. Pale palipong'aa ndipo alipoweka kiganja akipanda. Kwingine pakeni mpendavyo. Msiiuze, na Selmer msimpe hata kuazima, ataiunganisha kabla hajafika kwake.

Mkimaliza, isukumeni mpaka chini ya dirisha hili. Loren awashe, Marlys akae kitini, ingurume kidogo. Halafu, binti yangu... unyanyuke.

Mungu awaweke. Awape meza moja... na watoto wenu wagombanie viti hapo. Asiwaonyeshe niliyoyaona.

Loren, fungua dirisha. Najua ni baridi, fungua tu. Kopo... niachieni hapa kifuani. Nendeni sasa, wote wawili.

Nataka niisikie ikizima. Isipozima... rudieni. Mimi nasubiri.