Emilian Mtui na Tawi Alilolifunga Mwenyewe

Emilian Wenseslaus Mtui alizaliwa Marangu tarehe 14 Mei 1968, mtoto wa pili wa marehemu mzee Wenseslaus na mama Aikande. Alisoma shule ya msingi hapa hapa kijijini, kisha sekondari mjini Moshi, na mwaka 1990 alihitimu ufundi wa umeme Dar es Salaam. Akiwa darasa la tano aliifungua redio ya baba yake, akachapwa. Jioni redio iliyokuwa bubu mwezi mzima ikaimba, na mzee akasikiliza taarifa ya habari bila kumtazama mtu usoni.

Alikuwa fundi umeme kiwandani hadi mwaka 1997, kiwanda kilipobinafsishwa akapunguzwa. Akafungua karakana ya kompyuta mtaa wa Soweto, mjini Moshi. Huko akaingia kwenye kazi iliyowashinda ndugu zake kuieleza: kwa njia ya intaneti alijiunga na watu wa nchi nyingi wanaoandika mfumo wa kuendeshea kompyuta na kuugawa bure. Wakampa upangaji, yaani kuamua toleo jipya litoke lini na liwe na nini. Kazi ilikuwa na matawi, yaani nakala mbili: tawi la majaribio, ambako kila mmoja aliweka alichobuni, na tawi la toleo. Hili likishafungwa, lilipokea marekebisho ya makosa tu. Mwaka 2002 alimhurumia rafiki yake Kornel, mwandishi mwenzake wa mfumo, akampokelea kitu kipya tawi likiwa limeshafungwa, na mashine za watu zikagoma kuwaka. Akaapa hatarudia.

Mama Aikande, mpika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, alitaka kujua mwanawe anafunga nini.

"Mama, ukishatia ulezi kwenye mbege, unaongeza ndizi?"

"Thubutu! Si utaharibu pipa zima?"

"Basi na mimi nafunga pipa."

Tangu hapo Aikande akawatambia majirani kwamba kompyuta anaijua.

Emilian alifunga ndoa takatifu na Digna tarehe 21 Septemba 1996, wakajaliwa Stella na Given. Digna alimvumilia sana, maana sebule yao ilijaa mashine mpaka wageni wakakalishwa jikoni.

Mwaka jana shule ya kijijini ilipewa kompyuta kuukuu, na mfumo huo ulikuwa mzito kwazo. Emilian akaanza kuandika kipande cha mfumo cha kuziwasha, akamwahidi mwalimu mkuu kwamba toleo la Pasaka litakuwa nacho. Oktoba ini likaanza kumsumbua. Madaktari walimfungua, wakamfunga. Krismasi, ukoo mzima ukiwa umerudi nyumbani, homa ilimlaza. Tawi la toleo lilifungwa tarehe mosi Januari kwa mkono wake mwenyewe, kitandani. Kipande chake kilikamilika tarehe nne.

"Baba Stella, kiingize," Digna alimwomba. "Nani atakulaumu?"

"Wengine nimewakatalia, mimi nijikubalie? Nimekiweka kwenye tawi la majaribio, kitatoka na toleo la Septemba."

Septemba! Digna akamgeukia mkwewe amsaidie. Aikande alifungua mdomo, akakumbuka mbege, akaufumba. Angesema nini, na maneno yalikuwa yake? Alibaki anamkanda mwanawe miguu huku analia.

Emilian alifariki dunia Jumatatu, tarehe 7 Februari 2005, hospitalini mjini Moshi, Digna akiwa kando yake.

Jana Kornel alikuja msibani. Hata shikamoo yake haijaitikiwa, Aikande akamshika mkono.

"Mwanangu, sasa si mlifungue hilo tawi, hata kidogo tu? Watoto wanasubiri."

Kornel alishindwa kumtazama. "Mama, mwenye ruhusa ya kulifungua alikuwa yeye."

Aikande akauachia mkono wake. Hapakuwa na mwingine wa kumwomba.

Marehemu ameacha mama, mjane, watoto wawili, dada yake Yuditha anayewasomea wasifu huu, na marafiki katika nchi ambazo hakuwahi kukanyaga. Pasaka toleo lake litatoka kama alivyolipanga, na kompyuta za shuleni zitabaki zimefunikwa vitenge. Septemba, Mungu akipenda, zitawaka. Aikande ameomba siku hiyo aitwe, akae mbele, kwenye kiti cha mwanawe.

Lala salama, Emilian. Bwana akupe pumziko la amani.