Anayefunga Hasemeshwi

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya chumba cha kufulia nguo, katika kambi ya magari-nyumba huku jangwani Arizona, tunakokuja sisi wazee wa kaskazini kuikimbia theluji. Machi ikiisha, joto nalo linatufukuza. Kila mtu anafunga kigari chake, lile gari dogo la kutembelea, nyuma ya gari-nyumba ili kivutwe, na kushika njia ya kwao, na tuliobaki tunanywa kahawa na kuwasema walioondoka. Asubuhi hiyo tulikuwa watatu tu. Kulikuwa na Delbert, tunayemwita Giaboksi kwa sababu kwake kila msiba wa dunia umeanzia kwenye giaboksi. Kulikuwa na Wanda, au Redio, mwenye chupa ya kahawa na habari za watu. Na mimi, Mawingu, ati kwa sababu sura yangu haijawahi kupigwa na jua. Mbele yetu, mwendo wa kurusha jiwe, Mzee Orville Tveit wa Dakota Kaskazini alikuwa amekifunga tena kigari cha buluu cha mkewe Ardis, aliyefariki Februari. Wiki nzima alikuwa anakifunga asubuhi, anawasha injini, halafu haondoki.

— Haya, kaanza, alisema Redio. Kapanda. Taa hizo. Sasa kashuka, mtazame anavyokimbilia nyuma na goti lile bovu!

— Taa zimezimika, nikasema.

— Na yeye anatikisa kichwa. Anarudi mbele. Jamani, mzee wa watu ana nini?

— Giaboksi hiyo, alisema Giaboksi.

— We naye! Gari halijasogea hata hatua, giaboksi imekosa nini?

— Ndiyo maana halisogei! Anaogopa. Ukivuta kigari bila kukiweka frii, unafika kwenu unavuta jivu. Kuna jamaa wa Nebraska alivuta chake kikiwa kwenye gia mpaka polisi wakamsimamisha wamwambie anaungua. Yeye mbele huko anaimba na redio! Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Samaki kaingiaje hapo?

— Akikauka hakunjiki. Na giaboksi ikikauka mafuta, kwisha habari yake.

— Delbert, methali hujazisoma, umeziokota njiani.

Orville alipanda tena ngazi ya gari-nyumba, akishika mlango kwa mikono miwili. Taa nyekundu za breki zikawaka huko nyuma. Akashuka, akazunguka mbio, na kabla hajafika zikazimika.

— Mazoezi hayo, alisema Redio. Daktari kamwambia moyo umelala tangu mazishi. Panda, shuka, panda, shuka.

— Mazoezi injini ikinguruma? Dizeli ya bure hiyo?

— Basi sikia hii. Binti yake anamsumbua kila siku, baba rudi, baba rudi. Sasa mzee anampigia simu, anamsikilizisha injini: "Unasikia mwanangu? Nipo njiani." Halafu anazima, analala.

— Hiyo inaingia akilini, nikasema, ingawa haikuniingia.

— Mimi nawaambia hataki kuiacha kambi kwa sababu ya Ardis, alisema Giaboksi. Kila kitu alikuwa anafunga yule mama. Pini mdomoni, glavu mkononi. Mume kazi yake kukaa mbele na kusubiri aambiwe.

— Afadhali yeye alisubiri, nikasema. Mimi na Phyllis wangu kila tukiondoka nusura tuachane. Mimi mbele nakanyaga, yeye nyuma anapiga kelele, "Kushoto!" Namuuliza, kushoto kwako au kwangu? Ananijibu, "Kushoto kwa Mungu, we mzee, ondoa mguu!"

Tulicheka. Nadhani ndicho kicheko cha mwisho siku ile.

— Si mmoja aende akamuulize? Redio alisema. Tunakaa hapa kumchambua mtu mzima.

— Nenda wewe.

— Mimi? Na sheria je? Anayefunga hasemeshwi.

Hapo alisema kweli, maana sheria hiyo haijaandikwa kwenye ubao wowote lakini kila mtu huku anaijua. Mtu akiwa anafunga kigari, humpi hata shikamoo. Kuna bwana wa Idaho aliwahi kusalimiwa akiwa ameinama pale kwenye chuma cha kuvutia. Akainuka, akaitikia, akauliza watoto hawajambo, akasahau pini moja. Kwenye mteremko wa kwanza kigari chake kikampita. Tangu hapo, ukiona jirani anafunga, unampisha kwa heshima zote.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Giaboksi, hakuna aliyejua kwa nini.

Redio hakumcheka. Alikuwa ameshusha kikombe.

— Mnajua mimi nafikiri nini? Anayekanyaga breki si yeye. Ardis ndiye anayezikanyaga. Mzee anataka kwenda, mama anamshika. Ndiyo maana anakimbilia nyuma kutazama.

— Wanda, acha.

— Marehemu wa majuzi hajui kama amekufa. Kigari ni chake, mwenyewe hakuwahi kukubali mtu mwingine akiendeshe. Ataachaje kivutwe bila yeye?

— Nimesema acha! Giaboksi aliruka, kahawa ikammwagikia suruali. Mke wangu mimi yuko hospitali, unaniletea habari za wafu asubuhi asubuhi!

Redio akaanza kulia. Mimi nikamgeukia Giaboksi kumwambia asimfokee mwanamke, yeye akanigeukia kuniambia niangalie yangu, na kwa muda mzuri tulikuwa tumeligeuzia jangwa mgongo, tunagombania mzimu. Tulinyamaza tuliposikia mtu akikohoa.

Alikuwa Orville. Kofia mkononi, magoti ya suruali yana vumbi.

— Habari za asubuhi. Samahanini kuwakatiza.

— Karibu, karibu mzee, kaa, Redio alisema akijifuta macho. Nikumiminie?

— Hapana, asante. Nina swali tu. Nyinyi mnakaa upande wa nyuma wa gari langu. Nikikanyaga breki, taa za kigari zinawaka? Nikiachia mguu nije nitazame, zinazimika.

Nilimtazama Giaboksi. Giaboksi alimtazama Redio.

— Taa ziliwaka, Redio alisema. Nyekundu. Tumeziona.

— Za kigari, au za gari-nyumba?

Redio akachukua kikombe chake, akachungulia ndani.

— Na indiketa? Ya kushoto hasa. Ndiyo iliyokuwa ikimsumbua Ardis.

Sikujua. Wiki nzima nilimtazama mtu yule kuliko nilivyomtazama mke wangu, na sikujua.

Giaboksi alisimama na suruali yake iliyolowa.

— Twende mzee. Panda, ukanyage, mimi nasimama nyuma nakuambia. Dakika moja tu.

— Nimeshakifungua, Delbert. Nimempa mwenye kambi funguo, atapata wa kukichukua. Safari ni ndefu, siwezi kuvuta kitu usiku nisichojua kama wa nyuma yangu wanakiona.

Tuligeuka. Kigari cha buluu kilikuwa kimesimama pembeni peke yake, chuma kimekunjwa.

— Tunakifunga tena! Redio alisema. Sote watatu!

— Kiacheni. Waya zile alizifunga Ardis mwenyewe vuli iliyopita, nilitaka tu kujua kama zinafanya kazi. Ningewaita, lakini mlikuwa mmezama kwenye mazungumzo.

Akavaa kofia. Kisha akatuuliza, bila hasira yoyote, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo:

— Sasa wiki nzima hiyo, jamani, mlikuwa mnatazama nini?

Alisubiri jibu kwa adabu. Halafu akatushika mkono mmoja mmoja, akatutakia safari njema na kwenda kwenye gari lake.