Mtu Anakuja: Wasifu wa Mzee Bado, Aliyeandika Maneno ya Kwenye Skrini

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake na marehemu, poleni kwa kusimama juani. Wasifu huu unasomwa na dada yake mdogo, ambaye aliuandika jana mchana kwenye meza ya marehemu, kwa penseli ya marehemu. Familia imechoka, na marehemu mwenyewe alikuwa amechoka, kwa hiyo hatutawarefushia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha tatu cha nyumba ya kupanga nyuma ya kituo cha mabasi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wawili. Mama yake, aliyeketi hapa mbele, alikuwa akifua mashuka ya hospitali. Anasema mwanawe alichelewa siku tisa, na mkunga akiulizwa kila asubuhi alijibu neno moja tu: bado. Kwa hiyo mnaodhani jina hilo alilipatia kazini, mmechelewa sana.

Alianza shule ya msingi Januari 1968. Hesabu hakuziweza, tuseme ukweli. Mwalimu wake wa darasa la nne alikuwa na kalamu nyekundu na neno lake, "Umekosea", ambalo aliliandika chini ya kila hesabu bila kuonyesha kosa liko wapi. Siku moja marehemu alinyoosha kidole, akauliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Akala fimbo mbili kwa ujeuri. Daftari lile alilitunza maisha yake yote. Tumelikuta juzi kwenye droo, chini ya vyeti vya hospitali. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1978, kisha akasomea uchapaji kwa miaka miwili.

Tarehe 2 Mei 1983 aliajiriwa na kampuni ya kuchapisha vitabu vya shule. Kazi yake ilikuwa kusoma prufu, yaani kukamata makosa kabla kitabu hakijachapwa. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, feni iliyogoma kuzunguka na marundo ya karatasi yaliyomfika kifuani. Humo alisoma miaka ishirini na sita.

Humo ndimo alimopatia mke. Mwaka 1986 aliingia fundi cherehani mmoja, amekasirika kweli kweli, mkononi kashika kitabu cha ushonaji na blauzi yenye mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake. Vipimo vya ukurasa wa hamsini na mbili vilikuwa vibaya. Marehemu aliipima blauzi, akapima na kitabu, akasema, "Kosa ni letu, si lako." Fundi alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, ugomvi wenyewe ukakosa pa kukaa. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba 1987, wakajaliwa watoto wawili. Blauzi ile wifi anayo mpaka leo, na mkono haujakatwa.

Mwaka 2009 kampuni ilianza kuweka vitabu kwenye vishikwambi vya wanafunzi. Vijana wa kompyuta walijenga kila kitu, wakasahau maneno. Mtoto akibonyeza visivyo, skrini inaandika: "HITILAFU: INGIZO BATILI." Mzee akaombwa arekebishe, maana hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Akakibeba kile kishikwambi hadi nyumbani, akampa mama yake ajaribu. Mama alibonyeza, akasoma, akakisukuma mbali.

"Kwani nimekifanya nini mpaka kinifokee?"

"Hakikufokei, mama. Kinasema umekosea."

"Haya, nimekosea wapi?"

Kesho yake marehemu alifuta maneno yale, akaandika: "Bado. Angalia mstari wa pili, kisha ujaribu tena." Tangu siku hiyo hakuna sentensi yake iliyotoka bila kupita kwa mama. Mama akikwama, sentensi inarudi jikoni. Wanafunzi wakaanza kumwita Mzee Bado bila kujua habari za mkunga, na mtaa mzima ukawa unamletea simu. "Kaka, imegoma." Naye huuliza, "Imekwambia nini?" Wengi hawakuwa hata wamesoma. Alichoka, jamani, alichoka sana, lakini hakumfukuza mtu mlangoni.

Mwaka 2014 alichukuliwa kuandika maneno ya mfumo wa hospitali kumi na moja. Mliowahi kuuguza mnaijua ile skrini ya ukutani: unaandika namba ya kadi ya mgonjwa wako, inakuonyesha yuko maabara, yuko wodini au yuko kwenye upasuaji. Mkuu wa mradi alitaka mgonjwa akifa, skrini nayo iseme: "Mgonjwa amefariki."

"Manesi wameelemewa, mzee. Tuwapunguzie kazi."

"Hilo siandiki," marehemu alijibu. "Hilo aseme mtu."

Aliitwa ofisini mara tatu, na mara ya tatu aliambiwa atatafutwa mwingine. Akashikilia uzi ule ule. Mwishowe aliwapa sentensi hii: "Kaa hapo ulipo. Mtu anakuja kuzungumza nawe." Ikishatokea, taa nyekundu inawaka kwenye meza ya manesi. Mkuu alikubali shingo upande, ila alimuuliza, "Na mtu asipokuja?"

Swali lile lilimwingia mwilini kama homa. Wodi alizijua: nesi mmoja, vitanda arobaini. Kwa miaka kumi iliyofuata alihofia kwamba ametundika uongo kwenye kuta za hospitali kumi na moja, tena kwa watu walio kwenye saa yao mbaya kuliko zote.

Agosti 2022 figo zake zilianza kushindwa. Akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kwenye mojawapo ya hospitali zile zile, anapita mbele ya maneno yake kwa miguu iliyovimba. Kila nesi aliulizwa, "Taa yangu ikiwaka, mnakuja?"

"Tunajitahidi, mzee."

"Kujitahidi si kuja," alinung'unika.

Januari mwaka huu alimwambia mkewe, "Siku yangu ikifika, tazameni kama atakuja mtu. Halafu mniambie."

"Tukuambie vipi, na wewe umeshakufa?"

"Mtapata pa kuniambia."

Alifariki Alhamisi, tarehe 6 Februari 2025, saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Mkewe na dada yake walikuwa ukumbini, kwani madaktari walikuwa wamewatoa nje. Wifi aliandika namba ya kadi. Skrini ikasema: "Kaa hapo ulipo. Mtu anakuja kuzungumza nawe."

"Labda mtambo umekosea," dada alisema.

"Hii ni sentensi yake," alisema wifi, akaketi kwenye benchi.

Dakika tano zikapita. Kumi. Mfagiaji alipita na ndoo, akainamisha macho. Ilipofika robo saa dada alisimama kwa hasira aende kuusukuma mlango wa wodi, wifi akamvuta sketi. "Amesema tukae."

Nesi alitokea upande wa pili, kutoka wodi nyingine, anakimbia, glavu moja bado mkononi. Alikaa katikati yao, akavua glavu, akamshika wifi mkono, ndipo akasema. Alipomaliza akaongeza, "Nisameheni, nilikuwa peke yangu." Wakalia wote watatu.

Marehemu ameacha mama, ambaye bado anangoja sentensi nyingine ya kujaribu, mjane, mtoto wa kiume na wa kike, mjukuu mmoja, na dada yake huyu anayesoma. Ameacha pia sentensi mia nne na kumi na mbili, ambazo hazina jina lake.

Kaka, ulisema tutapata pa kukuambia, nasi tumepata hapa. Ilichukua dakika ishirini na mbili. Lakini mtu alikuja. Pumzika sasa, pumzika kwa amani.