Maji ya Kocha

Kocha alipelekwa hospitali Jumatatu saa moja asubuhi, akiwa ameketi wima, kwa sababu kila alipojaribu kulala pumzi ilikata. Alichukuliwa na gari la shirika la figo la kanda, lile lile ambalo kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa humpeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Safari hii dereva alipita kitengo cha mashine na kwenda moja kwa moja chumba cha dharura. Jioni wenzake walikaa kwenye benchi lao, ukutani kwa duka la vipuri, wakiwa na kahawa na hasira. Spana ni fundi magari. Bomba ni fundi mabomba. Waziri ni karani mstaafu, na jina hilo alilipata kwa kuwa hakuna jambo asilolitolea tamko. Mama Kahawa, mwenye birika, hukaa kwenye kigoda chake na kuchangia kila mada. Pembeni mwa benchi, Kocha anaponyooshea mguu wake mbovu, hapakukaa mtu.

Spana ndiye aliyeanza.

— Mimi nawashitaki hawa. Na mahakama ikinikataa, nakwenda ofisini kwao nikawatukane mmoja mmoja.

Aliokuwa akiwasema ni shirika. Jumamosi lilipitisha maandamano mtaani, na matarumbeta mbele. Kila aliyesimama kando ya barabara alipewa fulana iliyoandikwa KUNYWA MAJI MENGI, OKOA FIGO ZAKO, pamoja na chupa kubwa ya maji. Binti mmoja wa shirika alimtambua Kocha, akamwita mgonjwa wetu, akampa chupa mbili na kumpiga picha. Kipaza sauti kilirudia maneno ya fulana mpaka kona ya mwisho. Hakuna aliyesema kwamba maneno hayo ni ya mtu ambaye figo zake bado zinafanya kazi. Ambaye zake zimekufa hapati haja ndogo. Anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikitoe, na kikizidi kinapanda kwenye mapafu. Hayo benchi liliyasikia asubuhi ile kutoka kwa dereva, kupitia dirisha la gari, Kocha akihema kiti cha nyuma.

Waziri alisema mtu asiwe mwepesi wa kusahau. Kabla ya gari lile, Kocha alikuwa akikosa zamu ya mashine kila nauli ilipokosekana.

— Bila lile gari tungeshamzika, bwana.

— Na kwa zile chupa tunakaribia kumzika, Spana akajibu. — Wanakubeba wiki nzima, Jumamosi wanakuja kukuzamisha.

— Punguza sauti.

— Sipunguzi. Wewe ulivaa fulana yao jana kutwa.

Waziri alitazama kikombe chake. Bomba akaingilia kumwokoa, au alidhani anamwokoa. Kwa maelezo yake, shirika linapata fedha kutokana na idadi ya wagonjwa. Wagonjwa wakipungua, wafadhili wanalichukua gari. Kwa hiyo ni lazima kila mwaka waongezeke, na wakigoma kuongezeka wanasaidiwa.

Mama Kahawa alisema Bomba anazunguka bure. Ukitaka kumjua mwenye jambo, tazama chupa imetoka kiwanda gani. Yeye anauza kahawa miaka yote na hajawahi kuona shirika likiambia watu wanywe kahawa kwa wingi. Mwenye maji ndiye aliyenunua matarumbeta.

Waziri, akiwa amepata nguvu tena, alisema mambo haya hayapangwi na mwenye kiwanda. Yapo mahoteli makubwa ambako watu hukutana na kugawana magonjwa kama wanavyogawana viwanja: wewe chukua figo, wewe chukua ini.

— Na ile mashine, Spana akasema. — Si inatoa maji kwa mtu?

— Inatoa.

— Basi niambieni, yale maji yanakwenda wapi?

Spana aliwatazama mmoja mmoja.

— Yanarudi kwenye chupa, Spana akasema.

Mama Kahawa aliweka kikombe chini. Bomba alianza kucheka, kisha akaona Spana hacheki.

Wakati huo mke wa Kocha alikuwa ameshafika karibu yao, akitokea upande wa kituo cha basi. Wote humwita shemeji. Alikuwa amevaa kandambili za nyumbani, miguu imejaa vumbi, simu mkononi. Bomba alisogea ampishe nafasi. Hakukaa. Waziri alimpa pole kwa niaba ya wote, akaeleza kwamba wao kama kijiwe wameshaanza kujadili hatua za kulichukulia shirika.

— Shirika niachieni, alisema. — Yule aliyekuwa na kipaza sauti nitamfuata mwenyewe, na atanieleza. Nimekuja kwa jambo moja. Daktari anauliza alikunywa maji kiasi gani.



— Nyumbani anakunywa kikombe kidogo asubuhi na kingine jioni, shemeji akaendelea. — Ninapima mwenyewe. Zile chupa mbili za Jumamosi niliziona mezani, hazijafunguliwa. Kwa hiyo alikunywa hapa. Kiasi gani?

Bomba alikuwa wa kwanza kufungua mdomo. Alisema yeye alimpa bilauri tatu tu, jana mchana. Alimweleza Kocha kwamba figo ni kama bomba: likiziba, unalisukuma kwa maji ya nguvu mpaka uchafu utoke.

Spana alisema chupa moja, ile aliyopewa yeye kwenye maandamano. Hakutaka kueleza zaidi, lakini Mama Kahawa alimweleza shemeji: Spana alisema injini iliyopata moto haipewi maji kwa kijiko. Mama Kahawa akakiri kwamba yeye mwenyewe tangu Jumamosi alimnyima Kocha kahawa, na kila wenzake walipoagiza duru, yeye alimjazia maji kwenye kikombe kile kile. Duru hazikuwa chache. Jana hata aliwatania wenzake kwamba sasa kijiwe kina mtoto mchanga wa kulea.

— Kwa hiyo ni kiasi gani?

Bomba alihesabu zake. Spana alihesabu yake. Mama Kahawa alisema hakuhesabu. Waziri alisema chupa yake alimwachia Kocha, hajui kama aliimaliza au aliimwaga chini.

— Na yeye alikuwa anakunywa tu? shemeji akauliza. — Hakuwaambia kitu?

Spana alianza kusema habari ya yule binti wa shirika.

— Spana, nimeuliza kuhusu mume wangu.

— Alisema, Mama Kahawa akajibu. — Jumamosi ile ile. Alisema yeye ya kwake yanapimwa.

— Mkamjibu nini?

 Mama Kahawa alimtazama Waziri, na wengine pia wakamtazama.

— Nilimsomea fulana, Waziri akasema.

Shemeji alibonyeza simu. Alimwambia aliyepokea kwamba ni mengi, kwa siku mbili, na kwamba watu waliompa wako wanne na hakuna anayejua jumla. Alisikiliza, akaitikia, akakata. Spana alisema anakwenda kumletea teksi, yeye atalipa. Shemeji alisema ana miguu. Akarudi njia aliyojia, kuelekea kituoni.

Saa mbili kasoro usiku simu ya Waziri iliita. Shemeji alisema Kocha ameunganishwa na mashine tangu saa kumi na mbili na nusu jioni, nafasi ilipopatikana. Waziri aliuliza waende kumwona saa ngapi. Shemeji alisema wasiende, na kwamba aliyekataza si daktari, ni yeye.